Kwa Nini Kichomeo cha Meko ya Gesi Hukaguliwa Kila Mwaka

Katika sebule nyingi za Uingereza, zikiwamo za jamaa zetu wa pwani waliopanga huko, meko ya gesi hukaa chini ya dohani iliyojengwa kwa ajili ya makaa ya mawe, ambayo moshi wake, ulipochanganyika na ukungu wa London mwezi wa Desemba 1952, uliangamiza maelfu ya watu, hata ikapitishwa sheria ya hewa safi mwaka 1956.

Kichomeo chake chafuata kanuni aliyoifanya mashuhuri Robert Bunsen huko Heidelberg tangu mwaka 1855, nayo ni kwamba gesi, ikichupa kwa kasi katika tundu jembamba, huvuta hewa ya kando, vikachanganyika kabla ya kuwaka. Hewa ikitimia, mwali huwa wa buluu. Ikipungua, kwa vumbi, nywele za paka au utando wa buibui, mwali hulegea na kugeuka manjano, masizi hutanda, na huzaliwa kaboni monoksidi, sumu isiyo rangi wala harufu, iingiayo damuni ikatwaa nafasi ya oksijeni.

Wako wanaodhani kuwa sumu hii ilikwisha kati ya 1967 na 1977, pale gesi ya makaa, iliyokuwa nayo ndani yake, ilipoondolewa ikaletwa gesi asilia ya Bahari ya Kaskazini. Dhana hiyo ni ya hatari mno, maana gesi asilia, ijapokuwa haina sumu hiyo bombani, huizalisha motoni iwapo kichomeo kimeachwa kikaziba. Amma meko ya mapambo, yenye makaa ya kuigiza, mwali wake umekusudiwa uwe wa manjano. Kwa hayo, dalili ya kutazamwa ni masizi.

Kufungua kichomeo, kukipiga brashi, kupima shinikizo la gesi na kuhakikisha kuwa moshi wapanda dohani wala haurudi chumbani, ni kazi ya fundi aliyesajiliwa na Gas Safe Register. Na kanuni za mwaka 1998 zamlazimu mwenye nyumba kufanya ukaguzi kila miezi 12 na kumpa mpangaji nakala ya cheti katika muda wa siku 28. Idai bila haya, ndugu msomaji, kwani ni haki yako wala si fadhila. Na kama vichwa vyawauma nyote mkiwa ndani, vikatulia mtokapo nje, zimeni meko, fungueni madirisha, tokeni, na mpige simu ya dharura ya gesi kabla ya kurudi.