Bukavu: Hospitali iliyojifunza kuhoji tiba yake yenyewe

Daktari Denis Mukwege alipofungua hospitali ya Panzi mwaka 1999, lengo lake lilikuwa moja: kupunguza vifo vya wajawazito. Kivu Kusini ilikuwa vitani, na kina mama wengi hawakuwa na pa kujifungulia salama. Lakini, kama alivyoueleza ulimwengu mjini Oslo mwaka 2018 alipopokea Tuzo ya Nobeli ya Amani, mgonjwa wa kwanza hakuwa mjamzito. Alikuwa mwanamke aliyebakwa, kisha akapigwa risasi sehemu za siri.

Tangu siku hiyo hospitali hiyo iliyoko mtaa wa Panzi, kusini mwa Bukavu, imehudumia makumi ya maelfu ya wanawake na watoto waliofanyiwa ukatili wa kingono. Sifa za madaktari wake zinajulikana. Kisichozungumzwa sana ni namna taasisi hiyo ilivyolazimika kufikiri.

Tatizo lilikuwa hili. Kadiri madaktari walivyoimudu kazi yao, ndivyo upungufu wa kazi hiyo ulivyoonekana. Mwanamke alishonwa akapona, akarudi nyumbani akakuta mume amemkataa. Mwingine alirudi kijijini kwake, wapiganaji wakarudi pia, naye akaletwa tena Panzi. Mukwege amesimulia kwamba amewatibu mama, binti yake na hata mjukuu. Daktari anayetibu vizazi vitatu kwa jeraha la aina moja hawezi kuendelea kujiambia kuwa tatizo lake ni la upasuaji tu.

Wanafalsafa wana jina la kufikiri kwa namna hii: dialektiki. Kwa Wagiriki wa kale ilikuwa sanaa ya mazungumzo. Socrates alimuuliza mtu swali, akalipokea jibu, kisha akalichunguza jibu hilohilo mpaka udhaifu wake ukajitokeza wenyewe. Mjerumani Hegel, aliyefariki mwaka 1831, aliliona jambo hilo katika historia nzima: kila hali hubeba ndani yake ukinzani unaoisukuma igeuke. Alipenda neno moja la Kijerumani, aufheben, ambalo lina maana tatu kwa pamoja: kufuta, kuhifadhi na kuinua. Kwa hiyo ukinzani hautatuliwi kwa kuchagua upande mmoja, wala kwa kugawana nusu kwa nusu. Unatatuliwa kwa kupanda ngazi ambapo swali lenyewe linabadilika.

Ndivyo ilivyotokea Panzi. Upasuaji haukuachwa, ila uliongezewa ushauri wa kisaikolojia, mafunzo ya kazi za kumwingizia mwanamke kipato, na mwisho wanasheria. Hospitali ya uzazi ikawa pia mahali pa kuandaa ushahidi.

Maana ya hatua hiyo ilionekana Kavumu, mji mdogo ulio kilomita zipatazo 30 kaskazini mwa Bukavu. Kuanzia mwaka 2013, watoto wa kike walikuwa wakichukuliwa usiku kutoka vitandani mwao na kubakwa. Aliyekuwa mdogo kuliko wote alikuwa na umri wa miezi minane tu. Majalada yalifunguliwa moja moja, kila familia na kesi yake, na hayakufika mbali. Huko Panzi madaktari walikuwa wakiona majeraha yanayofanana, kutoka eneo lilelile. Walipopaza sauti pamoja na watetezi wa haki za binadamu, kesi ziliunganishwa na kukabidhiwa mahakama ya kijeshi. Desemba 2017, katika kesi iliyosikilizwa hukohuko Kavumu, wanamgambo 11 walihukumiwa kifungo cha maisha kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Miongoni mwao alikuwa mbunge wa jimbo aliyekuwa kiongozi wao.

Matukio takribani 40 yalipotazamwa kila moja peke yake, yalikuwa mikasa ya familia. Yalipowekwa pamoja yakawa kitu kingine kabisa, chenye jina lake katika sheria.

Si kila aliyetamka neno dialektiki katika jimbo hili aliitumia. Laurent-Désiré Kabila alianzisha chama chake cha PRP katika milima ya Fizi mwaka 1967, akakiendesha kwa miaka mingi kwa lugha ya Marx na Mao. Oktoba 1996 alirejea katika muungano wa AFDL, ambao mkataba wake una jina la Lemera, na tarehe yake ni 18 Oktoba. Siku 12 kabla, katika hospitali ya Lemera ambako Mukwege alikuwa daktari mkuu, watu zaidi ya 30 waliuawa, wakiwemo wagonjwa na wauguzi. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010 iliwataja wapiganaji wa AFDL na jeshi la Rwanda. Kabila aliingia Kinshasa Mei 1997 kwa msaada wa Rwanda, na kufikia Agosti 1998 alikuwa akipigana nayo. Ukinzani ulikuwemo ndani ya muungano tangu siku ya kwanza, lakini mwanafunzi wa Marx hakuutafutia dawa mapema.

Waliokuja baadaye walijaribu mseto. Jikoni, mseto ni mchele na choroko katika chungu kimoja: vinaiva pamoja, lakini mlaji bado anaiona choroko ni choroko. Serikali ya mpito ya mwaka 2003 ilikuwa na rais mmoja na makamu wanne, waasi wa jana wakiwa mawaziri na majenerali. Juni 2004 Bukavu ilitekwa kwa takribani wiki moja na Laurent Nkunda na Jules Mutebutsi. Mutebutsi alikuwa naibu kamanda wa eneo la kijeshi la jiji hilohilo. Mwaka 2007, Kivu Kaskazini, mpango mwingine wa kuunganisha wapiganaji uliitwa kwa Kifaransa mixage, yaani kuchanganya. Kabla ya mwaka kwisha vita vilikuwa vimerudi. Makubaliano ya 23 Machi 2009 nayo yaliwapa M23 jina lao.

Panzi nayo haikuepuka ukinzani mpya. Macho ya dunia yalipoelekezwa kwenye ubakaji, fedha za wafadhili zilifuata huko. Mtafiti Séverine Autesserre aliandika mwaka 2012 kwamba simulizi hiyo moja ilifunika mambo mengine, kama migogoro ya ardhi, na kwamba baadhi ya wanawake walijitambulisha kama waliobakwa ili wapate matibabu ambayo wasingeweza kuyalipia. Ni hoja nzito, na haifutwi na ukubwa wa kazi iliyofanywa. Mukwege mwenyewe alipanda ngazi nyingine mwaka 2023 kwa kugombea urais, akapata chini ya asilimia moja ya kura.

Februari 2025 M23 iliingia Bukavu. Tarehe 27 Juni mwaka huohuo Kongo na Rwanda zilitia saini makubaliano ya amani mjini Washington, na wengi waliyapokea kwa matumaini. Mukwege aliyapinga, akisema yanamtunza mvamizi na hayana nafasi ya haki kwa waathirika. Swali lake ni lile ambalo Kavumu ililijibu kwa kesi moja: majalada mengine yatafunguliwa lini, na yatawekwa kwenye meza ya nani?