Nani Anamlisha Mama?

Mwanamke akijifungua Lamu, Mombasa au Unguja, watu humzunguka. Yupo wa kumkanda kwa maji ya moto, yupo wa kumpikia uji wa pilipili manga, yupo wa kumpokea mtoto ili mzazi alale kidogo, na mambo huenda hivyo mpaka arobaini itimie. Filamu ya janga huanza kwa kuwaondoa watu hao wote. Ukishaitambua hila hiyo, mawimbi marefu na majengo yanayoporomoka hayakubabaishi tena. Mafuriko, vita au viumbe wa kutoka anga za mbali vimeletwa kwa kazi moja: kumwacha mama peke yake na mtoto anayetaka kunyonya sasa hivi.

Tazama Children of Men ya Alfonso Cuarón, ya mwaka 2006. Dunia imekaa miaka 18 bila mtoto kuzaliwa, kisha Kee, msichana mkimbizi nchini Uingereza, anapata mimba. Anaye Miriam, mkunga wa zamani, wa kumsindikiza. Uchungu unamshika Kee ndani ya basi linaloingia kambi ya wakimbizi ya Bexhill, na ni hapo hapo askari wanapomteremsha Miriam, asionekane tena. Anayebaki kumzalisha ni Theo, mwanamume aliyechoka na maisha, ambaye hajui ashike wapi. Mtu mwingine angeuliza kwa nini mwandishi asimwache mkunga afanye kazi yake. Jibu ni kwamba mkunga angekuwepo, tungetulia, na filamu haitaki tutulie.

Katika A Quiet Place ya John Krasinski, ya mwaka 2018, viumbe wasioona huwinda kwa kufuata sauti, na Evelyn anashikwa na uchungu akiwa hana mtu nyumbani. Anaingia ndani ya bafu, kiumbe kimo ndani ya nyumba, na yeye hawezi hata kuguna. Kinachomwokoa ni fataki ambazo mwanawe anawasha huko nje. Mlipuko unapofunika kila sauti, mama anapiga ukelele wote aliokuwa ameumeza. Naipenda sana dakika ile. Mtoto hana dawa wala chakula cha kumpa mama yake, ila anampa kelele, na kelele ndiyo aliyokuwa akiihitaji.

Lakini filamu ninayotaka tukae nayo ni ya kwetu: Pumzi ya Wanuri Kahiu wa Kenya, ya mwaka 2009, iliyoonyeshwa katika tamasha la Sundance mwaka 2010. Haifiki dakika 25, na mtoto wake si binadamu, ni mche. Kwa sababu hiyo wapo watakaosema haihusu umama. Mimi naona imeuchambua umama kwa ukali kuliko nyingi zilizotengenezwa kwa fedha kubwa. Sura ya mtoto mchanga humrahisishia mwongozaji kazi, maana mtazamaji hulainika hata kabla hajaambiwa chochote. Kahiu hakujipa msaada huo. Amebaki na hesabu tupu: mwili mmoja una maji, mwingine unayataka.

Ni miaka 35 baada ya Vita vya Tatu vya Dunia, vita vya kugombea maji. Jamii ya Maitu, katika eneo la Afrika Mashariki, imejifungia ndani ya majengo, na watu wanaambiwa kwamba huko nje kumekufa. Ndani, kila tone lina hesabu. Mkojo husafishwa ukanywewa, jasho hukusanywa, na umeme hutoka kwa watu wanaosukuma mashine za mazoezi. Hata usingizi una sheria: ukiota, mashine inakuamuru umeze dawa ya kuzuia ndoto. Asha, anayeigizwa na Kudzani Moswela, ni mtunzaji wa makumbusho ya viumbe na mimea iliyotoweka. Siku moja anapokea udongo usiojulikana umetoka kwa nani. Anaupima, anakuta una unyevu mwingi na hauna mionzi. Anautia mbegu iliyohifadhiwa katika chupa yenye neno la Kikuyu lenye maana ya mama, na mbegu inaota.

Asha anaomba ruhusa ya kutoka nje akaupande mche wake. Baraza la Maitu linakataa, askari wanakuja, makumbusho yanaharibiwa, naye anapelekwa kwenye mashine za kuzalisha umeme. Mfanya usafi wa chooni, mwanamke ambaye Asha alikuwa amemgawia maji yake, anamsaidia kutoroka. Katika filamu nzima, ukimwacha yule asiyejulikana aliyeleta udongo, huyo ndiye mtu pekee anayempa Asha kitu bila kuamriwa.

Ustadi wa Kahiu uko katika mpangilio. Nusu ya kwanza yote anatufundisha bei. Tunaona chupa ndogo inavyojaa kwa shida, tunaona jasho likipanguswa na kuhifadhiwa kama fedha, mpaka sisi wenyewe tunaanza kuhesabu matone. Kwa hiyo Asha anapofika jangwani, akaupanda mche na kuumiminia maji yake ya mwisho, hakuna haja ya mtu kutueleza amefanya nini. Kisha anautilia na jasho lake. Kisha analala kuukinga na jua kwa mwili wake, kamera inapaa, na pale alipolala unainuka mti.

Hapo ndipo mimi na filamu hii tunapotofautiana, ingawa naitukuza. Mama anayekwisha ili mwanawe aishi tumemsifu mno, katika nyimbo na katika mahubiri, na sifa hizo zimetumika mara nyingi kumnyima msaada aliye hai. Kahiu ana utetezi wake, nao ni mzito: Asha hakutumwa na mtu. Serikali iliyompimia hata jasho ilimkataza, na uzazi wake ni uasi. Lakini uasi huo ameufanya peke yake, na upweke huo filamu imeuchukulia kuwa jambo la kawaida.

The End We Start From ya Mahalia Belo, ya mwaka 2023, iliyotokana na riwaya ya Megan Hunter, inajaribu njia nyingine. London inafurika, na chupa ya uzazi ya mama, anayeigizwa na Jodie Comer, inapasuka maji ya mafuriko yakiingia nyumbani kwake. Baadaye wanapata kambi, lakini nafasi ni ya mama na mtoto tu, baba inabidi abaki nje. Hila ni ile ile. Ila Belo anamletea mama mwingine mwenye mtoto mchanga, na wawili hao wanatembea pamoja, wakigawana chakula na vicheko. Ni sehemu yenye uhai kuliko zote katika filamu hiyo.

Kahiu mwenyewe alikuwa na mfano wa namna hiyo karibu sana. Ametengeneza pia filamu ya makala, For Our Land, kuhusu Wangari Maathai, mwanamke aliyeanzisha vuguvugu la Green Belt mwaka 1977 na kupata Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004. Wanawake wa vuguvugu hilo walianzisha vitalu kwa vikundi, na kila mche ulioshika ardhini walilipwa kiasi kidogo cha fedha. Kufikia mwaka wa tuzo hiyo miti iliyopandwa ilikuwa imepita milioni 30. Mche wa Asha ungeweza kuwa mmoja wa miche hiyo, na yule mfanya usafi angeweza kutoka naye.