Kamina: Somo la biolojia linalogusa hadi ndoa

Mjini Kamina, makao makuu ya jimbo la Haut-Lomami, wanafunzi wa darasa la sita la sekondari wanaosoma biolojia na kemia wana shabaha moja: mtihani wa serikali, Exetat. Bila diploma hiyo, hakuna kuingia chuo kikuu kusomea udaktari.

Katika sura ya jenetiki, inayofundishwa kwa Kifaransa, mwanafunzi anachora jedwali: baba AS, mama AS. Kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuwa AA, 2 ya kuwa AS, na 1 ya kuwa SS.

Kwenye mtihani, hilo ni swali la kuchagua jibu. Nyumbani, SS ni drepanositozi: maumivu makali ya mifupa na upungufu wa damu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009, baada ya kupima zaidi ya watoto wachanga 31.000 mjini Kinshasa, ulikuta karibu asilimia 17 ni AS na asilimia 1,4 ni SS.

Mwenye AS kwa kawaida haugui, tena ana kinga fulani dhidi ya malaria kali. Kwa hiyo wazazi wanaweza kugundua hali yao mtoto akiwa tayari mgonjwa, na hapo lawama kumwangukia mama, au kutajwa uchawi. Jedwali linakataa: S moja imetoka kwa baba, nyingine kwa mama.

Wafinalisti hawa wanakaribia umri wa kuoa na kuolewa. Kipimo cha damu cha elektroforezi ndicho kinachoonyesha AA, AS au SS, na kinafaa kufanywa kabla ya mahari kupelekwa.