Cheche na Wakati Wake

Mwaka 1908 Bwana Henry Ford wa Detroit, katika nchi ya Marekani, alianza kuuza motokaa iliyoitwa Model T. Hata ilipokoma kutengenezwa mwaka 1927, zilikuwa zimekwisha fanywa zaidi ya 15,000,000. Chini ya usukani wake palikuwa na vijiti viwili vya chuma. Cha mkono wa kuume kiliongeza mwendo au kuupunguza. Cha kushoto kilitawala wakati wa cheche. Na hicho cha kushoto, kisipowekwa mahali pake, kiliweza kumvunja mtu mkono.

Ili tufahamu jambo hili, yatupasa kujua yanayotendeka ndani ya injini. Katika kila silinda mna pistoni, nayo hupanda na kushuka kama mchi kinuni. Ishukapo huvuta mvuke wa petroli uliochanganyika na hewa, ipandapo huubana, ndipo cheche ya umeme huuwasha, na nguvu ya moto huisukuma pistoni chini. Kisha hupanda tena na kuufukuza moshi.

Labda mwanafunzi atasema, "Basi cheche na itoke pistoni ifikapo juu kabisa." Sivyo. Moto huhitaji kitambo kidogo ili uenee. Injini izungukapo mara 1,500 kwa dakika, pistoni hupanda toka chini hata juu kwa sehemu moja ya 50 ya sekunde. Cheche ikingoja mpaka juu, pistoni itakuwa imekwisha anza kushuka kabla moto haujapata nguvu. Gari huwa dhaifu, na injini hupata joto mno. Kwa hiyo, motokaa ilipokwenda mbio, dereva alikivuta kijiti chini, na cheche ikatoka pistoni ingali ikipanda. Lakini akizidisha, alisikia injini ikigonga kama nyundo juu ya chuma. Wawili watwangao katika kinu kimoja wajua mshindo wa mchi uliowahi. Dereva hodari alitumia masikio yake kuliko macho.

Hatari ilikuwa wakati wa kuamsha injini. Mtu alisimama mbele ya gari na kuizungusha kwa hendeli, nayo ikazunguka polepole. Kama kijiti kiliachwa chini, mvuke uliwaka wote pistoni haijafika juu, ikarudishwa chini kwa nguvu, na hendeli ikageuka kinyume ghafula mkononi mwake. Wengi walivunjika mkono hivyo. Kwa sababu hiyo kwanza dereva alivuta breki, akakipandisha kijiti juu ili cheche ichelewe, kisha akashika hendeli kwa mkono wa kushoto na kuivuta toka chini kwenda juu. Kidole gumba alikiweka upande mmoja na vidole vingine, asiizunguke hendeli, ili ikirudi nyuma imponyoke tu.

Mwaka 1912 motokaa za Cadillac ziliuzwa zikiwa na mota ya umeme ya kuamshia injini, na Model T zilianza kuipata mwaka 1919. Baadaye wakati wa cheche ulitawaliwa na vyuma vidogo vizito ndani ya injini: mzunguko ulipozidi, vilitupwa nje kama jiwe katika kombeo, na kwa kwenda kwao viliiwahisha cheche. Kijiti cha usukani kikaondolewa.