The Sims 4: Kwa nini paa huwasumbua wanaojenga nyumba kwenye gemu?

Kuta zimesimama, vyumba vimepangika, rangi inapendeza. Unafika kwenye paa, kazi inakwama. Kipande kimoja kinaelea hewani, kingine kimezama ukutani, na lile dirisha la darini ulilolitamani halikai.

Kama unacheza The Sims 4, hali hiyo unaijua. Baadhi ya wasikilizaji wetu wameniuliza, nami yamenikuta.

Gemu hili lilitoka wapi?

Mbunifu wake, Will Wright, aliunguliwa na nyumba katika moto mkubwa wa Oakland, California, mwaka 1991. Kuanza maisha upya kulimpa wazo la The Sims, na toleo la kwanza likatoka mwaka 2000. Toleo la nne lilitoka mwaka 2014, na tangu Oktoba 2022 sehemu yake ya msingi huchezwa bure. Ndiyo maana vijana wengi sasa wanajifunza kuchora nyumba humo.

Tatizo ni nini?

Wengi tunalifikiria paa kama kifuniko cha sufuria: kimoja, kinafunika vyote. Kwenye The Sims 4 paa huwekwa kipande kipande, na kila kipande cha kawaida kina umbo la mstatili. Kwa hiyo, kabla ya kuezeka, igawe ramani yako katika mistatili. Nyumba yenye umbo la L ni mistatili miwili. Ezeka ule mkubwa kwanza, kisha paa la ule mdogo livute kwa nyuma hadi lizame ndani ya mteremko wa lile kubwa.

Hapo angalia kimo. Mapaa mawili yakiwa na mwinamo sawa, lenye nusu ya upana huwa na nusu ya kimo. Nyumba ya upana wa miraba 8 ikiwa na ubavu wa miraba 4, mgongo wa paa dogo uwe nusu ya kimo cha lile kubwa. Ukiyalazimisha yalingane kimo, dogo litasimama wima kama kofia ya mchawi.

Dirisha la darini linajengwaje?

Siri ni kwamba dirisha halikai kwenye mteremko, linahitaji ukuta. Fanya hivi:

1. Ghorofa ya juu, chora chumba kidogo, tuseme miraba 2 kwa 3, ukuta wake wa mbele uchomoze nje ya mteremko wa paa kubwa.

2. Kifunike kwa paa dogo la miteremko miwili, pembetatu yake itazame mbele.

3. Livute nyuma lizame katika paa kubwa. Mgongo wake ubaki chini ya mgongo mkuu.

4. Punguza ncha zinazoning'inia. Kwenye kompyuta, ukibonyeza Shift huku ukivuta, unabadilisha upande mmoja tu.

5. Weka dirisha, kisha linganisha rangi na aina ya bati au vigae.

Gemu halikuambii nini?

Mwaka jana nilimpelekea fundi picha ya nyumba niliyoijenga kwenye gemu. Ilikuwa na madirisha matatu ya darini, na mapaa yanakutana kila kona. Aliitazama kimya, akaweka kidole palipokutana mapaa mawili.

"Dada, maji ya hapa yanakwenda wapi?"

Sikuwa na jibu. Kwenye gemu paa halivuji. Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, kila miteremko miwili inapokutana kwa chini huwa bonde la maji. Bonde hilo linataka bati la mfereji chini yake, mbao zaidi na mikato mingi ya mabati. Tena dirisha la darini moja lina mabonde mawili, kushoto na kulia. Yangu matatu yalikuwa mabonde sita.

Nilibakiza dirisha moja, la mbele.

Kwa hiyo, msikilizaji, endelea kujenga. Gemu litakufundisha kuigawa nyumba na kuoanisha mwinamo, na hayo ni maarifa ya kweli. Ila kabla ya kumpa fundi picha, pitisha kidole juu ya paa lako kama tone la mvua, kutoka mgongoni hadi chini. Mahali kidole kinapokwama, ndipo patakapovuja.