Nembo ya boneti yaweza kula faida ya gari

WANAONUNUA magari yaliyotumika kwa ajili ya kuyauza tena, pamoja na wenye maduka ya vipuri katika eneo la Gerezani, Kariakoo, jijini Dar es Salaam, wanashika mkononi bidhaa moja ndogo ambayo wengi wao huiweka katika fungu la mapambo na kuisahau. Bidhaa hiyo ni nembo ya kwenye boneti. Ikibabuka, mnunuzi huanza kudai punguzo kabla hata injini haijawashwa. Ikibadilishwa ovyo, huacha matundu yanayopitisha maji, na maji huleta kutu kwenye bati. Hapo kazi ya dakika kumi huwa imeshageuka kuwa kazi ya fundi bodi na fundi rangi.

Mfano unaofaa kuuangalia kwa karibu ni BMW, kwa kuwa nembo yake iko juu ya boneti yenyewe na si kwenye grili. Kampuni hiyo ya Bavaria, Ujerumani, ilisajili nembo yake mwaka 1917, na rangi zake nyeupe na buluu ni za jimbo hilo. Hadithi kwamba mchoro ule ni panga la ndege ilipata nguvu kutokana na tangazo la mwaka 1929, miaka 12 baadaye. Wauza magari bado wanaisimulia, na sioni kama inamdhuru mtu.

Kinachodhuru ni vipimo. Nembo ya boneti kwa magari mengi ya BMW ina kipenyo cha milimita 82, lakini ziko pia za milimita 78 na 74, ambazo hutumika zaidi kwenye buti. Kwa macho zinafanana. Mfanyabiashara anayeagiza mzigo kwa kutazama picha tu anaweza kujikuta na boksi zima ambalo halikai kwenye boneti yoyote ya wateja wake, na huo ni mtaji uliolala. Namba ya kiwandani ya nembo ya milimita 82 inayoulizwa sana ni 51 14 8 132 375. Anayeagiza kwa namba hukosea mara chache kuliko anayeagiza kwa jina la gari.

Nyuma ya nembo hiyo kuna vijiti viwili, navyo huingia katika bushi mbili ndogo za plastiki zilizopachikwa kwenye matundu ya boneti. Bushi hizo ndizo zinazobana nembo na kusaidia kuzuia maji. Ndizo pia zinazosahauliwa dukani. Nembo nyingi huuzwa bila bushi, fundi anarudishia zile za zamani zilizokauka kwa jua na moto wa injini, na baada ya muda nembo inacheza au inaanguka barabarani. Kisha lawama zinamwangukia muuzaji wa nembo.

Kuibadilisha si kazi ngumu. Bandika tepu ya karatasi ya mafundi rangi kuzunguka nembo, kisha penyeza kipande bapa cha plastiki upande wa kijiti kimoja, inua kidogo, hamia upande wa pili. Bisibisi tupu ikigusa rangi ya boneti, faida ya gari imeanza kuondoka. Nembo ikitoka, bushi zilizopasuka zitolewe kwa koleo taratibu zisidumbukie ndani, na uchafu usafishwe. Ukikuta kutu, ikwanguliwe kwa msasa na kupakwa praima, iachwe ikauke, ndipo bushi mpya ziingie. Nembo mpya husukumwa kwa kiganja. Nyundo haihitajiki, wala gundi kali, kwani siku ikihitaji kutolewa tena itaondoka na rangi.

Magari mengine yana taratibu zake. Nyota ya kusimama ya Mercedes za zamani hushikwa na springi chini ya boneti, na kishikizo chake huvutwa na kuzungushwa kutokea chini. Nembo zilizobandikwa kwa gundi hulainishwa kwa draya ya saluni na kukatwa kwa mshipi wa kuvulia samaki. Kwa upande wa grili mambo yamebadilika zaidi: baadhi ya Toyota na Mercedes za miaka ya karibuni zina rada nyuma ya nembo, na nembo hiyo imetengenezwa kupitisha mawimbi yake. Ukiweka ya bei poa isiyo ya aina hiyo, mfumo wa kupima umbali unaweza kugoma, na taa ya onyo ikawaka mbele ya mteja wako.

Tuje kwenye hesabu, maana hapa ndipo wengi hujidanganya. Tarakimu hizi ni za mfano, si bei ya soko. Mwenye duka ana shilingi 800,000. Kwa nembo za kuiga za shilingi 8,000 anapata 100, anauza kwa 12,000, na faida ni 400,000. Kwa nembo halisi za 50,000 anapata 16 tu, anauza kwa 65,000, na faida ni 240,000. Karatasi inasema nunua za kuiga. Lakini za kuiga nyingi ni karatasi yenye rangi chini ya utando wa plastiki, na jua pamoja na maji ya presha ya waosha magari huzibabua mapema. Wateja 20 wakirudi na kudai fedha zao, 240,000 zinatoka na faida inabaki 160,000. Wakirudi 14, za kuiga tayari zimeshindwa. Kinachoweza kuziokoa ni kasi tu: kama zinaisha kwa mwezi mmoja wakati zile halisi zinakaa rafu miezi mitano, mtaji unazunguka mara nyingi zaidi. Kila duka lipige hesabu hii kwa daftari lake, si kwa daftari la jirani.

Iko gharama nyingine isiyoonekana katika hesabu hiyo. Nchini Tanzania, Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani (FCC), inaruhusu bidhaa bandia kukamatwa na kuharibiwa. Kenya nayo ina sheria yake ya mwaka 2008 dhidi ya bidhaa bandia. Nembo ni alama ya biashara yenyewe, kwa hiyo muuzaji hana pa kujificha kama ambavyo angejaribu kufanya kwa chujio la oili.

Zipo pia zinazoletwa dukani moja moja, zimefungwa kwenye gazeti, tepu ikiwa bado imening'inia nyuma au kijiti kimoja kimevunjika. Hizo zimeng'olewa kwenye gari la mtu, na anayezinunua anapokea mali ya wizi, hata kama amezipata kwa nusu ya bei.