Mkwaju Umekatwa, Mkwajuni Pamebaki: Kuandika Majina ya Mahali

Abiria anayeshuka Mkwajuni, Kinondoni, katika kituo cha mabasi yaendayo haraka, hatafuti ukwaju. Hata hivyo, jina la kituo ni historia fupi: latuambia kuwa mahali hapo palitambulika kwa mkwaju. Katika vitongoji vya Dar es Salaam alama nyingi za kale zimetoweka, na ushahidi wake umebaki ndani ya majina. Anayeliandika jina vibaya huharibu ushahidi huo.

Tuanze na umbo. Majina mengi huundwa kwa nomino na kiambishi tamati -ni: Mtoni (mto), Mbuyuni (mbuyu), Mkwajuni (mkwaju), Mikocheni (mikoche). Viambishi awali navyo vina maana yake. Mkwajuni lina m- ya umoja, ilhali Mikocheni lina mi- ya wingi: la kwanza laelekeza kwenye mti mmoja, la pili kwenye eneo lenye mikoche mingi. Karani akiandika "Mikwajuni", amepanda miti ambayo jina halikuitaja.

Aina ya pili hutumia kwa na jina la mtu: Kwa Mtogole (Tandale), Kwa Aziz Ally (Temeke). Hapa -ni haihitajiki, kwani kwa limekwisha kubeba dhana ya mahali. Aina ya tatu haina alama yoyote ya mahali: Mabibo, Mbagala, Temeke. Husemwa "Naishi Mbagala", si "Naishi Mbagalani".

Upatanisho nao hutenganisha kitu na mahali. Mkwaju umekatwa, Mkwajuni pamejengwa. Sentensi ya kwanza yahusu mti, ya pili yahusu mahali palipobaki baada yake.

Asili ya jina hudai tahadhari zaidi. Kuhusu Msasani, wapo wasimuliao kuwa limetokana na mtu aitwaye Musa Hassani. Lakini umbo lake lalingana barabara na msasa + -ni. Kuhusu Mwananyamala, husimuliwa kuwa ni maneno ya Kizaramo ya kumnyamazisha mtoto. Mwandishi wa kidahizo asiifute simulizi wala asiigeuze kuwa hakika. Simulizi iandikwe kama simulizi, na uchambuzi wa umbo uandikwe kando yake.

Suala hili si la darasani pekee. Mwaka 2022, Operesheni ya Anwani za Makazi ilitaka barabara na mitaa zipate majina na nyumba zipate namba. Kibao kikishasimama, kizazi kipya husoma kibao, hakiulizi wazee. Kosa la herufi moja huweza kuwa jina rasmi.

Kwa hiyo mwalimu anayewatuma wanafunzi mtaani awaelekeze kuandika mambo sita kwa kila jina: matamshi ya wenyeji, tahajia iliyoko kwenye kibao, umbo la neno, alama iliyotajwa, hali ya alama hiyo leo, na simulizi pamoja na umri wa msimulizi. Mfasiri naye asilitafsiri jina. Alihifadhi lilivyo, na maana yake aieleze pembeni. Kazi hii haisubiri, kwa kuwa mzee aliyewahi kuketi kivulini mwa mti huo ndiye shahidi wa mwisho anayeweza kutuonyesha uliposimama.